Mama mkwe anamchua mtoto mpaka analia: nimzuie?

Swali: Nina mtoto wa wiki saba na mwingine wa miaka miwili na nusu. Tangu nijifungue, mama mkwe yupo nasi hapa Tanga, na kila asubuhi humchua mdogo kwa mafuta ya nazi. Anaanza vizuri, mtoto anatulia. Baadaye humvuta mikono na miguu ili "ajinyooshe", hubonyeza kichwa kiwe cha mviringo, huvuta pua, hukamua chuchu zake, na mwisho humning'iniza kichwa chini. Hapo mtoto hulia mpaka anabadilika rangi. Pia wayo wake wa kushoto umegeukia ndani kidogo, mama anasema atauchua mpaka urudi. Mume wangu anasema naye alilelewa hivyo na ni mzima. Nimzuie mama? Na mkubwa je, anaweza kuchuliwa? Kila akiona mdogo wake anapakwa, naye anataka. (Mama wa wawili, Tanga)

Jibu: Dada yangu, hongera kwa uzazi. Nitayajibu yote, lakini niruhusu nianze na kile ulichokiandika kwa mstari mmoja tu: huo wayo wa kushoto.

Katika kazi yangu ya fiziotherapia ya watoto, hakuna kinachoniuma kama kumpokea mtoto wa mwaka na nusu anayekanyagia ubavu wa wayo, halafu mama yake aniambie, "Tulikuwa tunauchua." Wayo uliogeukia ndani huwa wa namna mbili. Upo uliokunjamana tu tumboni kwa kukosa nafasi. Huo ukiupapasa kwa kidole upande wa nje, kutoka kidole kidogo kuelekea kisigino, mtoto mwenyewe huurudisha katikati, au unausogeza kwa kidole kimoja nao unakubali. Kwa kawaida hunyooka wenyewe kadiri anavyokua. Upo mwingine usiokubali: kisigino kimevutwa juu, wayo unatazama ndani na chini, na kuna mkunjo mzito katikati ya unyayo. Huo ni mguu kifundo, na mafuta hayautibu hata mchuaji awe na mkono mwema kiasi gani. Unatibiwa kwa njia ya Ponseti, iliyopewa jina la daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani. Wayo hurudishwa taratibu na kufungwa hogo, yaani plasta ngumu, linalobadilishwa kila wiki, mara nyingi matano hadi saba, kisha watoto wengi hukatwa kidogo ule ukano wa kisigino. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa ufito, mwishowe wakati wa kulala tu, mpaka afikie kama miaka minne. Matibabu haya yakianza katika wiki za kwanza, mtoto hukua akikimbia kama wenzake.

Mimi siwezi kujua kwa barua wayo wa mwanao ni wa namna gani. Kwa hiyo mpeleke kliniki wiki hii, usisubiri tarehe ya chanjo inayofuata. Waambie waukague, na ukiwa haurudi, omba rufaa ya hospitali ya mkoa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam nayo hutibu mguu kifundo. Na mama mkwe nenda naye, nitakueleza kwa nini.

Sasa tuje kwenye kuchua. Ulichokiona mwenyewe, kwamba mwanzo mtoto anatulia, ndiyo sehemu ya kuilinda. Mkono wa mzee aliyelea wengi una joto na utulivu ambao mama wa mtoto wa kwanza au wa pili bado anajifunza, na wala si imani tu. Mwaka 1986 Tiffany Field na wenzake wa Miami waliandika kuhusu watoto njiti 40. Waliochuliwa mara tatu kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa siku 10, waliongezeka uzito kwa siku asilimia 47 zaidi ya wenzao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba kumchua mwili mzima kwa upole mtoto mchanga mwenye afya, aliyezaliwa kwa kutimiza miezi yake, ni jambo linaloweza kufanyika kwa ajili ya ukuaji wake. Neno "upole" wameliandika wao, sikuliongeza mimi.

Ila nisikupe matumaini ya uongo. Kwa mtoto mwenye afya kama wako, ushahidi ni mwembamba. Mapitio ya mwaka 2013 yaliyokusanya tafiti 34 za watoto wa chini ya miezi sita yalikuta nyingi zina kasoro, na hayakuweza kusema kwa uhakika kwamba kuchua kunaongeza kitu kikubwa kwa watoto wasio na tatizo. Kuchua hakukazi mifupa wala hakuzuii matege. Miguu ya upinde ni ya kawaida mpaka mtoto anapokaribia miaka miwili, na matege ya kweli yanatokana na upungufu wa vitamini D au kalisiamu, au ugonjwa wa mifupa, nayo yanahitaji daktari. Faida ya kuchua nyumbani ni utulivu, usingizi, na nyinyi wawili kujuana. Kwa mtoto wa wiki saba, hiyo inatosha kabisa kuwa sababu.

Mume wako anasema kweli: wengi huvuka salama. Sisi tulio hospitali tunakutana na wale ambao hawakuvuka. Ndiyo maana nakuomba mambo matano aliyoyafanya mama yakome leo, na kila moja lina sababu yake.

Kumning'iniza kichwa chini ndilo la kwanza. Mtoto aliyepakwa mafuta huteleza kama kambale, na kuteguka nyonga au kuanguka ni suala la sekunde moja. Shingo yake bado haibebi kichwa, ambacho kwa umri huo ni kizito mno ukilinganisha na kiwiliwili. Kumtikisa na kumrusha juu ni hivyo hivyo: mishipa midogo ya damu inayozunguka ubongo huweza kuchanika bila hata alama moja kuonekana nje.

Kumvuta miguu ili inyooke. Mtoto amekaa tumboni kajikunja, na nyonga zake zimeumbwa zikae zimekunjwa na kutanuka, vile akaavyo ukimbeba mgongoni kwa kanga. Atajinyoosha mwenyewe kwa miezi inayokuja. Ukimlazimisha miguu iwe minyoofu na kuibana pamoja, unasukuma kichwa cha mfupa wa paja kitoke kwenye kikombe chake. Mbebe mgongoni, miguu imepanuka, magoti yameinuka: hapo bibi zetu walipatia sana.

Kichwa. Mifupa yake bado haijaungana, na kwenye utosi hakuna mfupa, ni utando imara juu ya ubongo. Utosi wa mbele mara nyingi hufunga kati ya miezi 12 na 18. Kichwa kilichobanwa wakati wa kuzaliwa hurudi umbo lake chenyewe ndani ya wiki chache. Kikiwa kimebonyea upande mmoja kwa kulalia, mbadilishie upande anaotazama, na akiwa macho mlaze kifudifudi mara kadhaa kwa siku wewe ukiwa mbele yake. Usiku alale chali. Na hapa nisimame kidogo, kwa kuwa Pwani tuna mazoea ya kuutibu utosi uliobonyea kwa kuupaka dawa. Utosi uliozama kwa mtoto anayeharisha, anayetapika au asiyenyonya ni dalili kwamba mwili umekaukiwa maji. Utosi uliovimba na kukaza, hasa akiwa na homa, huweza kuwa ugonjwa wa ubongo. Vyote viwili ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Pua haibadiliki umbo kwa kuvutwa, na mtoto wa umri huu hupumulia puani karibu muda wote. Ikivimba, hata kunyonya kunamshinda.

Chuchu ndilo la mwisho, na ndilo tunaloliona mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Watoto wengi, wa kike na wa kiume, huvimba matiti siku chache baada ya kuzaliwa, na wengine hutoa maziwa kidogo. Ni homoni zako zilizompitia kabla hajazaliwa, na uvimbe hunywea wenyewe. Kukamua kunafungua njia kwa bakteria, na matokeo yake ni jipu la titi kwa mtoto mchanga, ambalo huhitaji dawa ya kuua bakteria na wakati mwingine kupasuliwa. Kwa binti, jipu hilo huweza kuharibu kile kichipukizi cha titi lake la baadaye. Pasiguswe kabisa.

Kuhusu kulia: wapo watakaokwambia kilio kinapanua mapafu. Mtoto wa wiki saba hana neno jingine la kusema "basi". Akilia mikononi mwa mchuaji, mchuaji anasimama, anambeba. Hilo ndilo sharti pekee ambalo nikiambiwa nichague moja, nitalichagua. Na kabla ya kilio huwa ameshasema kwa njia nyingine: anageuza uso, anatanua vidole vya mikono kama feni, anapinda mgongo, anapata kwikwi, ngozi inakuwa na mabaka. Akiwa tayari, macho yanakuwa maangavu na tulivu, mwili umelegea, anakutazama. Mfundishe na mume wako kuzisoma dalili hizi, maana baba naye ana mikono.

Namna ya kumchua ni hii. Chagua wakati hana njaa wala hajashiba sana, kama nusu saa hadi dakika arobaini na tano baada ya kunyonya, la sivyo atacheua yote. Kaeni sakafuni, kwenye mkeka na taulo, siyo kitandani wala mezani. Zima feni. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo miezi ya kipupwe ukiyakuta yameganda kwenye chupa, jua chumba kina baridi mno kumvua mtoto nguo zote: mvue sehemu unayoichua tu, nyingine ifunikwe kanga. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili pawe na joto. Moshi wake usioonekana unaua, na mtoto ndiye wa kwanza. Vua pete na bangili, kata kucha, nawa mikono kwa sabuni. Mafuta yapate joto viganjani mwako. Yasichemshwe, kwani ngozi yake ni nyembamba na huungua kwa joto ambalo kiganja cha mtu mzima hakilihisi.

Anzia miguuni, kwa sababu hapo mtoto hashtuki, amezoea kubadilishwa nepi. Shika kifundo kwa mkono mmoja, na mwingine uukumbatie mguu kutoka pajani ushuke mpaka wayo, ukihesabu moja hadi tano polepole. Watafiti wa Gothenburg, Uswidi, wamegundua kuwa ngozi ina nyuzi za neva ambazo huitika zaidi mkono unapokwenda sentimeta moja hadi kumi kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa mama anayembembeleza mwanawe bila kufikiria. Uzito wa mkono uwe wa wastani. Kumgusa kama unyoya kunamtekenya na kumkera, kumkandamiza kunamuumiza. Jaribu kwenye jicho lako lililofumbwa: mgandamizo ambao kope lako linauvumilia bila karaha, huo unamtosha. Kisha nyayo kwa dole gumba, vidole kimoja kimoja.

Tumboni, kiganja kizunguke kwa mwelekeo wa mshale wa saa, chini ya mbavu. Utumbo mpana unapanda upande wake wa kulia, unakatiza juu, unashuka kushoto. Ukikaa mbele yake unapanda mkononi mwako wa kushoto na kushuka mkononi mwako wa kulia, na gesi inafuata njia hiyo. Halafu kunja magoti yake yote mawili yasogelee tumbo, hesabu hadi tano, achia. Mara tatu zinatosha, na usishangae akitoa upepo. Hii haitamaliza kilio cha jioni. Kilio hicho kwa watoto wengi hufikia kilele karibu na wiki ya sita na kupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne, kwa hiyo mko kileleni sasa hivi. Itamsaidia kidogo, na itakupa wewe kitu cha kufanya mikono yako isikae bure. Kama kitovu kingekuwa bado hakijakauka, tumbo ningesema liachwe.

Kifuani, viganja vitoke katikati kwenda pembeni, kama unayefungua kitabu. Mikono wengi huipenda kidogo tu, usiing'ang'anie ikikunjwa. Mgongo mwisho, akiwa kifudifudi juu ya mapaja yako, mkono ukishuka pembeni mwa uti wa mgongo. Uti wenyewe usiubonyeze. Dakika tano mwanzoni, zikifika kumi na tano ni nyingi. Mwimbie, mtaje viungo vyake kwa majina.

Mafuta ya nazi safi yasiyo na manukato yanafaa. Ya alizeti yanafaa pia: huko Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipungukiwa na maambukizi ya damu. Najua heshima ya zaituni katika nyumba nyingi za Pwani, ila uchunguzi uliofanyika Uingereza ulionyesha kwamba inalegeza ule ukuta wa juu wa ngozi, kwa hiyo ibaki jikoni, hasa kama ukoo wenu una pumu ya ngozi. Mafuta ya karafuu, ya mkaratusi, ya habasoda na marhamu zozote zenye kafuri au mentholi yasimguse. Kafuri ikimwingia mwilini huleta degedege. Mafuta yoyote mapya, paka tone moja mkononi mwake leo, utazame kesho. Usimpake viganjani, atayalamba.

Ziko siku ambazo hachuliwi. Amepata chanjo ya wiki sita juzi juzi, na zinakuja za wiki ya 10 na ya 14: pale pajani palipochomwa pasiguswe siku mbili tatu. Kile kipele cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, nacho huvimba, hutunga usaha na kukauka chenyewe, kiacheni bila mafuta wala dawa. Akiwa na upele wenye majimaji, acha. Na akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au baridi chini ya 35.5, akikataa kunyonya, akihema mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, akiwa wa manjano viganjani na nyayoni, au akilegea, msimchue, msimfukize. Mpelekeni hospitali. Baadaye, kuanzia miezi sita hivi, vidole vya mikono au miguu vikivimba na kuuma bila kuumia, msidhani ni baridi ya kuchuliwa. Huweza kuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kipimo chake ni damu.

Umeuliza kama umzuie mama. Mzuie mambo yale matano, usimzuie mtoto kuchuliwa naye. Mama mkwe akinyang'anywa mtoto mbele ya mwanawe wa kumzaa, nyumba itaumia, na akibaki peke yake na mtoto atafanya anavyojua. Kaa naye mkekani. Mwambie, "Mama, nataka nijifunze mkono wako wa miguu na mgongo, mtoto anautulia." Kisha mwambie ukweli kuhusu mengine, bila kumtuhumu: kliniki wamekataza kumning'iniza na kukamua, na wewe unaogopa. Mume wako aliseme hili yeye kwanza, kwa upole, akiwa peke yake na mama yake. Ndiyo maana nilisema muende naye kliniki. Muuguzi akimwonyesha nyonga na utosi kwa mikono yake, akijibu maswali yake kwa heshima, mara nyingi bibi ndiye anayerudi kuwaonya majirani. Nimeliona hilo mara nyingi, na hunifurahisha kila mara. Ila akikataa katakata, na mtoto akaendelea kuning'inizwa, basi mtoto asibaki naye peke yake. Hapo hakuna adabu ya ukwe inayotangulia shingo ya mtoto.

Nawe je, unalala? Wiki ya saba ni ngumu. Ukijikuta huna hamu ya kumgusa mtoto, unalia bila sababu, waambie kliniki hilo pia. Utafiti mdogo wa London wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba akina mama wenye sonona baada ya kujifungua waliojifunza kuwachua watoto wao walipata nafuu zaidi ya wenzao. Lakini haichukui nafasi ya msaada.

Mkubwa anachuliwa, tena anahitaji. Tofauti ni kwamba huyu anasema, kwa hiyo muulize: "Nikuchue mgongo au miguu?" Akisema hataki, usimshike. Sehemu za siri hazimo, na mwambie hivyo kwa maneno ya kawaida, kwamba zile ni zake. Hatatulia dakika kumi, mpe tatu. Mlaze kifudifudi umpikie chapati mgongoni: mwaga unga kwa ncha za vidole, tia maji, kanda taratibu kwa viganja, gawa madonge, sukuma kwa mkono mzima kutoka katikati kwenda pembeni, paka mafuta, geuza. Muulize imeiva au bado. Atasema bado, mpaka mikono yako ichoke. Na mdogo anapopakwa, mpe tone la mafuta apake wayo wa kulia wa mdogo wake, wewe ukiwa umekishikilia kiganja chake. Ule wa kushoto asubiri mpaka mtoke kliniki.